Upepo wa Tairi si Pumzi ya Mtu

Hoja mmezisikia. Zilianzia hapa Pito, kwenye benchi la fundi pancha, zikashuka sokoni Sumbawanga, na sasa hata mtu ambaye hajawahi kuteremka Kasanga anazijua kwa kichwa: kwamba kompresa ya kujazia upepo, mpira wa meta 30 na mtungi wa gesi uliokwisha, vikiunganishwa kwa akili, vinamtosha kijana wa Ufipa kuingia chini ya Ziwa Tanganyika. Huko atakamata samaki wa mapambo, atanasua nyavu zilizoshikwa na mawe, ataopoa injini za mitumbwi zilizozama, na jioni atapanda nyumbani na fedha mfukoni. Aliyezisema nitamwita mtetezi. Si mjinga hata kidogo. Anaongea vizuri, anajua vyuma, na viungo vya mpira wake havikuvuja mbele yetu. Nimemsikiliza mara tatu, na kila mara nimeondoka nikiamini kwamba anajua kila kitu kuhusu kifaa chake isipokuwa kile kinachopita ndani yake.

Ninyi ndio waamuzi. Naomba kila hoja mwipime ikiwa peke yake, kisha mzisimamishe zote pamoja, maana zikisimama pamoja zinaumbuana.

Nguzo ya hoja zote ni hii: hewa ni hewa. Inayoingia kwenye tairi ndiyo hiyohiyo tunayovuta hapa, anasema mtetezi. Kompresa haiumbi hewa mpya, inaikusanya tu. Tumpe haki yake: ni kweli haiumbi. Lakini inaichukua pale ilipo, na inaiongezea chake. Itazameni mashine ilivyokaa. Injini ya petroli iko hapa, bomba lake la moshi liko hapa, na tundu la kunyonyea hewa liko shibiri mbili tatu kutoka kwenye bomba. Ndani ya mtumbwi hakuna nafasi ya kuvitenganisha. Upepo wa ziwani ukigeuka kidogo, moshi unaingia kwenye mpira, na ndani ya moshi huo mna monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Sisi wa Sumbawanga hatuhitaji mgeni wa kutufundisha habari zake. Ni sumu ileile ya jiko la mkaa, ile tunayoonywa nayo baridi ya Juni na Julai inapobana na watu wakashawishika kulala na jiko chumbani. Sina shaka mtetezi hulitoa jiko lake nje kabla ya kuzima taa. Basi atueleze kwa nini sumu anayoifukuza chumbani anaikaribisha kwenye mpira.

Ameshajibu: kuna kichujio. Tumekiona. Ni kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa kitambaa. Sponji inashika vumbi, pengine na tone la mafuta. Gesi haiishiki. Kitundu kinachopitisha oksijeni kinaipitisha na monoksidi, na kama kisingeipitisha oksijeni kijana angekuwa amekufa kabla hatujafika kwenye mjadala. Halafu yapo mafuta yenyewe. Kompresa ya tairi hulainishwa kwa oili ya kawaida, ikipata moto inarusha ukungu wa oili kwenye hewa, na oili ikiungua ndani ya silinda nayo hutoa monoksidi, hata mkibadilisha injini mkaweka mota ya umeme. Tairi halina mapafu, halilalamiki. Kompresa ya wazamiaji hutumia oili maalumu au haitumii oili kabisa, hewa yake hupitishwa kwenye vichujio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mdomo wake wa kunyonyea hupelekwa mbali na moshi, upande unakotoka upepo. Kama hewa ingekuwa hewa tu, gharama zote hizo zingekuwa za nini?

Hapo mtetezi hutoa shahidi wake anayempenda: kijana fulani alijaribu, akakaa chini robo saa, akatoka mzima. Nami nasema shahidi huyo hajasema lolote. Kina cha meta 10 kinaongeza mgandamizo unaokaribia kuwa sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika meta 20 unakuwa kama mara tatu. Kwa hiyo kila pumzi ya huko ina oksijeni mara mbili au mara tatu, na sumu mara mbili au mara tatu. Oksijeni ile ya ziada inamfichia mtu hatari. Akiwa chini anajisikia yuko sawa, labda kichwa kinagonga kidogo. Anapoanza kupanda, oksijeni inapungua haraka, monoksidi inabaki imeng'ang'ania damu, na mtu anazimia meta chache kabla hajatoa kichwa nje. Wenzake kwenye mtumbwi watasema alikuwa mzima sasa hivi tu. Ni kweli, alikuwa.

Kuna kundi linalosema, basi, tuachane na kompresa na makelele yake. Mpira mrefu unatosha: ncha moja mdomoni, nyingine imefungwa kwenye kidumu kinachoelea. Hii ni hoja nyepesi, na jibu lake linatoka ghalani. Maji ya kina cha meta moja hukandamiza kila sentimeta ya mraba kwa gramu 100. Kadirieni upande wa mbele wa kifua na tumbo la mtu mzima kuwa sentimeta za mraba 1,000. Zidisheni. Ni kilo 100, yaani gunia la mahindi, la halali, si lumbesa, limekaa juu ya kifua, na hewa inayovutwa kwa mpira ni ya huko juu, nyepesi, isiyosaidia hata kidogo kulinyanyua. Meta mbili ni magunia mawili. Misuli ya pumzi haikuumbwa kwa uhamali huo. Tena mpira wa meta tatu wenye kipenyo cha sentimeta mbili unabeba karibu lita moja ya hewa, wakati mtu aliyetulia huvuta kama nusu lita kwa pumzi moja. Pumzi anayoitoa haifiki nje. Inaishia katikati ya mpira, naye anaivuta tena. Ndiyo sababu kimrija cha wale wanaotazama samaki Zanzibar ni kifupi kuliko mkono wako. Watengenezaji hawakukosa plastiki.

Sasa tuje kwenye hoja inayowalegeza wazazi wengi: hatuendi mbali, meta tano, sita, kumi zikizidi. Kwanza, inakataana na ahadi. Asubuhi mtetezi anatuahidi injini zilizozama na nyavu zilizonasa. Jioni anatuhakikishia kwamba hataenda zilipo. Tanganyika si bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kina chake cha mwisho ni meta 1,470, cha pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi za pwani yake zinaporomoka kama ukuta hatua chache kutoka mahali unapoosha miguu. Anayefuata samaki kwenye mawe hahesabu meta, anamfuata samaki.

Lakini tumkubalie. Tuseme kweli ataishia meta kumi. Bado amechagua pabaya. Anayepanda kutoka meta 30 hadi 20 hewa ya kifuani mwake inatanuka kwa theluthi moja; anayepanda kutoka meta 10 hadi juu, hewa ile inatanuka ikawa zaidi ya mara mbili. Mabadiliko makubwa yako karibu na uso wa maji, palepale mtetezi anapopaita salama. Mmewahi kununua pakiti ya bisi Dar es Salaam mkaifikisha Sumbawanga? Inafika imevimba kama chura, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile iliyofungiwa ndani. Kwa mapafu yaliyojazwa hewa ya mgandamizo na mdomo ukafungwa, kupanda meta moja na nusu tu kunaweza kutosha kuyapasua. Hewa ikitoka hapo inaingia kwenye damu, na kwenye damu inapanda kichwani.

Na mdomo utafungwa. Hapa ndipo desturi yetu wenyewe inapotugeuka. Mtoto aliyekulia Kasanga, Wampembe au Kirando amefundishwa na maji kanuni moja: jaza pumzi, funga mdomo, zama, rudi. Kanuni hiyo ni sahihi kwa anayezama na pumzi ya juu; anarudi na kiasi kilekile alichoondoka nacho. Kwa aliyevuta hewa ya kompresa akiwa chini, kanuni hiyohiyo inaua. Sasa fikirieni mpira umejikunja, au petroli imekata, au mwenzake amekanyaga kiungo kikafyatuka. Hewa inasimama ghafla. Mkono wa nani utakumbuka kuacha mdomo wazi na kupanda polepole huku akipuliza? Mtu aliyefundishwa, pengine. Wetu atabana pumzi na kuchomoka juu. Tena mpira wa mtetezi hauna valvu ya kuzuia hewa isirudi. Ukipasuka huku juu, hewa ya chini inakimbilia kwenye mpasuko na mpira unageuka kuwa mnyonyaji mdomoni mwa mzamiaji. Nilimuuliza kuhusu valvu hiyo. Alisema atatafuta spea.

Mtungi wa gesi ya kupikia nitaupitia haraka, maana hesabu inautosha. Mtungi wa kilo 15 una nafasi ya lita kama 35 hivi. Kompresa ya tairi ikiujaza hadi mara nane ya mgandamizo wa kawaida, mnapata hewa isiyofika lita 300. Mtu anayefanya kazi nyepesi hutumia lita 20 hadi 25 kwa dakika akiwa nchi kavu, na kwenye meta 10 ni maradufu. Gawanyeni: ni dakika sita, bila kipimo cha kumwonyesha zinavyoisha. Anayetaka zaidi atashindilia, na mtungi ule haukutengenezwa kwa kushindiliwa. Wa wazamiaji hubeba mara 200 ya mgandamizo wa kawaida na hupimwa upya kila baada ya muda. Wa chuma usiokauka vizuri ndani una hila nyingine, kwamba kutu inapokula chuma inakula na oksijeni. Mtungi ukikaa wiki kadhaa na unyevu, hewa iliyobaki inaweza kuwa haina uwezo wa kumweka mtu hai, na haina harufu ya kumwambia.

Basi weka oksijeni ya fundi wa kuchomelea, alidakia mmoja benchini, ni safi kuliko hewa. Ni safi, ndiyo, na ndiyo shida. Oksijeni tupu, kwenye kina cha meta sita au saba, inaweza kumtia mtu degedege bila dalili ya kutangulia. Jeshi la majini la Uingereza lililipima jambo hili kwa wazamiaji wake wakati wa Vita Kuu ya Pili, na halikulipima kwa sababu ya udadisi. Degedege chumbani mtu huzinduka; degedege majini mtu hutema mpira na kuvuta maji. Msisahau pia kwamba oksijeni ya mgandamizo ikikutana na oili hulipuka, na tumeona tayari kompresa yetu inavyoogelea kwenye oili.

Kuna hoja moja ambayo sikuitegemea, na inanibidi niiheshimu kwa sababu imejengwa juu ya jambo la kweli. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa, fundi mitambo mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, kwa sababu alikuwa mahali ambapo hewa ilinaswa ndani ya chombo. Taifa lote lilishangaa. Mtetezi anauliza: kama hewa iliyonaswa ilimtunza mtu siku mbili, ndoo kubwa iliyofunikwa kichwani itashindwaje kumtunza nusu saa? Ni swali zuri. Jibu lake ni ukubwa wa chumba. Ndoo ya lita 20, ukitoa nafasi ya kichwa, inabaki na lita kama 16. Mtu anayefanya kazi hutoa takriban lita moja ya hewa ukaa kwa dakika. Chini ya dakika moja, hewa ukaa ndani ya ndoo imefika asilimia tano, kiwango kinachomfanya mtu aheme na kuchanganyikiwa, wakati oksijeni bado ipo tele. Fundi yule alikaa kwenye chuma cha kivuko, hakuvaa ndoo. Na hakuwa akifukuza samaki, alikuwa akisubiri. Tena ndoo yenye lita 16 za hewa inavuta kwenda juu kwa nguvu ya kilo 16, kwa hiyo lazima ifungwe mawe, na mawe yafungwe mtu. Ninawaachia waamuzi picha hiyo.

Hoja ninayotaka mkae nayo muda mrefu ni ile iliyosemwa kwa sauti ya upole kuliko zote: likitokea la kutokea, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Sumbawanga, barabara ya Kasanga siku hizi ni ya lami, saa mbili mgonjwa yuko mikononi mwa daktari. Nani atabishana na lami?

Mimi. Kwa sababu ya mlima. Uso wa Ziwa Tanganyika uko meta 773 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko kwenye meta 1,800 hivi. Kati ya mtumbwi na kitanda cha hospitali kuna ngazi ya meta 1,000, na mtu aliyetoka kupumua hewa ya mgandamizo hatakiwi kupanda ngazi. Akiwa chini ya maji, naitrojeni iliyo kwenye hewa anayovuta inayeyuka mwilini mwake, ikaingia kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo. Akipanda polepole na akipumzika, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akipanda haraka inafanya kile kinachofanywa na dumu la kimpumu lililofungwa likiwa bado linachacha, ukalifungua kwa pupa. Mapovu yanajitokeza ndani ya viungo na mishipa. Maumivu ya bega na goti, ganzi, miguu kukataa, mkojo kufunga. Wengine hupooza moja kwa moja.

Wazamiaji wenye mafunzo hushauriwa kusubiri saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 au zaidi wakizama mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Sababu ni kwamba ndani ya ndege ya abiria hewa huwa nyepesi kama ya mahali palipo kati ya meta 1,800 na 2,400. Soma tena hizo namba, kisha tazama nje ya dirisha lako hapa Pito. Sisi tunaishi ndani ya ndege isiyotua. Kijana anayezama Kasanga saa nne asubuhi na saa tisa alasiri yuko kwenye bodaboda anarudi Pito kula ugali kwao, amepanda ndege bila tiketi. Hata majedwali ya kuzamia yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari hayamfai bila kurekebishwa, kwa sababu ziwa lenyewe limeanzia juu. Na mtetezi hana jedwali lolote, la bahari wala la ziwa.

Sasa angalieni uokoaji aliotuahidi. Mgonjwa ameumia Kasanga kwa kupanda haraka meta 15 za maji. Ili tumtibu, tunampandisha meta 1,000 za mlima. Kila kona ya kwenda Matai inayakuza mapovu yaleyale. Daktari wa Sumbawanga atampa oksijeni, na atafanya vema, lakini dawa ya ugonjwa huu ni chumba cha chuma kinachomrudisha mtu kwenye mgandamizo kisha kumshusha taratibu, na vyumba hivyo katika eneo letu viko upande wa Bahari ya Hindi, kama Zanzibar na Mombasa. Kuvifikia kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa, yote juu, hadi uteremke Kitonga. Lami haibadilishi hilo. Lami inakupandisha upesi zaidi.

Kuna jingine linalonisumbua katika hoja hii, na mtetezi halisemi kwa sababu pengine halioni. Maumivu ya naitrojeni mara nyingi hayaji majini. Huja baada ya saa moja, tatu, sita. Kijana atakuwa ameshafika nyumbani. Bega linamuuma, ni baridi ya Sumbawanga. Amechoka sana, ni malaria. Asubuhi miguu haiinuki, na hapo mnajua mazungumzo yatakakoelekea. Mji huu wazee hulifasiri jina lake kuwa ni agizo la kutupa uchawi, na bado jirani wa watu atatajwa usiku, wakati mchawi yuko mtumbwini Kasanga, ana kamba ya kuwashia na tangi la petroli.

Kuhusu mifano ya ng'ambo, mtetezi alisema Wafilipino wanavua kwa kompresa miaka nenda rudi, na Wamiskito wa Honduras wanazamia kamba kochi kwa maelfu, na nchi zao hazijaisha watu. Amesoma nusu ya ukurasa. Ufilipino, uvuvi wa kompresa umeacha vijiji vyenye wanaume wanaotembelea magongo. Honduras ni mbaya zaidi kwa hoja yake: wale walikuwa na mitungi ya kiwandani, siyo ya jikoni, na walichokosa ni mafunzo, vifaa vilivyokaguliwa na waajiri wenye haya. Wengi walipooza, wengi walikufa, na jambo lao lilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo mwaka 2021 ilitamka kwamba serikali ya Honduras inawajibika. Shahidi aliyeitwa kuthibitisha kwamba jambo ni salama ameingia mahakamani kwa kiti cha magurudumu. Nyumbani je? Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua kwa mitungi ya gesi, na Kenya ilikataza kukusanya majongoo bahari kwa njia hiyo. Mtetezi anaita hilo wivu wa wakubwa. Wivu wa nini hasa, wa uti wa mgongo?

Nilikuwa nimefunga daftari aliposimama na kutaja malungu. Babu zetu, alisema, walijenga tanuu za udongo zilizopita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe yakawa chuma, na hakuna mzungu aliyewapa cheti. Alipigiwa makofi, nami nilipiga. Lakini sikilizeni alichokitaja. Lungu refu lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, kwa kimo chake na kwa matundu yaliyopangwa chini. Chuma ghafi kikahamishiwa kwenye kintengwe, tanuu dogo, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Kazi mbili, hewa mbili, na waliojua tofauti yake walikuwa mafundi waliokaa miaka chini ya mafundi, wakifuata miiko ambayo kijana hakuruhusiwa kuiruka. Kama kuna watu katika nchi hii waliojua kwamba hewa si hewa tu, kwamba inategemea inaingilia wapi na kwa nguvu gani, ni wahunzi wa Ufipa. Mtetezi amewaita wamtetee. Wangemuuliza kwanza amefundishwa na nani.

Imebaki hoja ya umaskini, na hapa nashusha sauti. Vifaa halisi ni ghali, mafunzo yako mbali, na injini iliyozama ni mtaji wa nyumba nzima. Sina kejeli kwa hilo. Mtetezi analiongezea Bukoba: tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani na watu 43 ndani yake, waliofika kwanza walikuwa wavuvi, bila vifaa, na watu 19 walikufa. Laiti wangekuwa na kifaa kama hiki, anasema. Nimefikiri sana juu ya laiti hiyo. Watu 24 walitoka hai, na kilichofika kuwasaidia ni mitumbwi, mlango wa nyuma uliofunguliwa, na ujasiri. Kijana aliyeongoza kazi ile aliishia hospitalini naye, na hakuwa amevaa mpira wowote. Bukoba inadai vikosi vya uokoaji vyenye wazamiaji waliofundishwa kwenye maziwa yetu, na dai hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Haidai kompresa ya pancha. Mwokoaji anayezimia chini anakuwa maiti ya ziada ya kutafutwa. Na injini ya maskini hupatikana kwa ndoana nzito, kamba na subira, watu wote wakiwa juu ya maji. Isipopatikana, inabaki injini.

Kwa hiyo, wenye mitumbwi wa Kasanga, Wampembe, Kipili na Kirando, neno langu la mwisho ni kwenu, kwa kuwa bila nyinyi mashine hii haifiki maji marefu. Akija kijana kutoka huku juu na kompresa begani, mwulizeni mambo matatu tu: hewa yako inanyonywa wapi, mpira ukikatika utafanya nini, na leo utalala wapi. Akishindwa hata moja, msiwashe injini.